Kwenu makuruta: tuliyojifunza Lukaya

Wanangu mnaoanza depo, afande akiwarudisha kuchimba upya handaki mlilokwisha kulimaliza, msinung'unike. Mimi niliingia vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kutoka mgambo, na wengi niliovuka nao mpaka wa Uganda mwaka 1979 walitoka mashambani na viwandani. Kulenga shabaha tulijua. Kelele za vita hakuna aliyekuwa ametuzoesha.

Tarehe 10 Machi brigedi yetu, ya 201, ilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye barabara inayotoka Masaka kwenda Kampala. Pale barabara inakatiza kinamasi cha mafunjo, huna pa kutawanyikia. Askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin wakatufyatulia roketi za Katyusha. Zilipita juu ya vichwa vyetu, zikaangukia mbali nyuma. Lakini ule mvumo peke yake ulivunja safu, wengi wakakimbia, na tuliobaki, tulipoona vifaru vinakuja, tukarudi nyuma tukaingia kinamasini. Usiku ule tulikaa majini na bunduki juu ya mabega, hatujui nani yuko wapi. Alfajiri ya tarehe 11 tukashambulia tena, na Brigedi ya 208, iliyogeuzwa njiani usiku kucha, ikamvamia adui kutoka ubavuni. Lukaya ikarudi mikononi mwetu.

Kwa hiyo sikilizeni hili kuliko mengine yote: roketi unayoisikia ikivuma juu inakwenda kwa mwingine. Lala chini, tazama inapoangukia, kisha mtafute kwa macho kamanda wa seksheni yako. Mwite jirani yako kwa jina, akuitikie. Niliowaona wakitulia siku ile hawakuwa wenye miili mikubwa, walikuwa wawili wawili, wanaongea.

Miguu nayo. Kutoka mto Kagera hadi Kampala wengi wetu tulitembea, na masika yalikuwa yameanza. Soksi zilizolowa zifunge kifuani ndani ya shati, zitakauka kwa joto la mwili. Kagua nyayo kabla hujagusa chakula. Maji ya kinamasi yachemshe hata kama koo limekauka. Kuhara kunamtoa askari mstarini upesi mno. Magazini za bunduki zifute mchanga kila mnapopumzika.

La raia ni zito, nami naliandika kwa uchungu. Tulipita vijiji vya Kagera vilivyochomwa, watu wameuawa, ng'ombe wamechukuliwa, daraja la Kyaka limelipuliwa. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini Mutukula, mji wa Uganda pale mpakani, ilipotekwa Januari ilisawazishwa na matingatinga, na wapo raia waliouawa kwa kisasi, mpaka Mwalimu Nyerere akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Amri ile ilitusaidia hata sisi wenyewe. Mbele ya safari watu wa Uganda walitulisha ndizi, wakatuonyesha njia na mahali adui alipojificha. Ukiona mwenzako anamnyanyua mzee wa watu kwa ukosi, mshike mkono palepale, usingoje afisa afike.

Na ukirudi nyumbani usingizi ukakataa, au mlango ukibamizwa ukajikuta umelala sakafuni, mwambie daktari na mkeo mapema, kabla hujaanza kuutafuta usingizi kwenye pombe. Wapo wenzangu waliokoswa na risasi Lukaya, wakaja kumalizwa na gongo kijijini kwao, na sisi tuliokuwa nao handaki moja hatukuwauliza kitu.