Anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka

*Shikamoo daktari. Mume wangu ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Amekoroma miaka yote, tumezoea. Ila siku hizi katikati ya kukoroma ananyamaza kabisa, mimi nabaki nahesabu, kisha anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia hata akiwa mezani. Mwenyewe anasema ni uchovu wa barabara. — Mke wa dereva, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hicho kimya kinanitia wasiwasi kuliko huko kukoroma: huenda ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini (sleep apnea). Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mpaka njia ya hewa inaziba: kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni ikishuka, ubongo humgutusha, anavuta pumzi, analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Kila kimya cha sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na vikifika 30 kwa saa ugonjwa umekuwa mkali. Sasa mtu aliyegutushwa hivyo usiku kucha ndiye anayeshika usukani kupanda mlima Kitonga.

Usibishane naye. Mrekodi kwa simu, ajione mwenyewe, kisha nendeni na video hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo. Apimwe na presha, maana ugonjwa huu huipandisha, na wapo wanaobadilishiwa dawa za presha kila mwezi kumbe chanzo kiko kooni. Kipimo chenyewe hufanywa mtu akiwa amelala, amefungwa vifaa vya kusoma pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo. Tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Aliibuni Colin Sullivan kule Australia, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1981. Bei yake si ya mchezo, sikufichi.

Mkiwa bado mnahangaikia hayo, apunguze kitambi, alale ubavu, aache bia za usiku, na vidonge vya usingizi asiviguse. Wazee wa kazi hii hushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana. Mtu akigeuka chali, mpira unamsumbua, anarudi ubavu. Na usingizi ukimjia njiani apaki, alale kidogo. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio ni kujidanganya.

*Mwanangu ana miaka 5, analala mdomo wazi, anakoroma, na ameanza tena kukojoa kitandani. Bibi yake anataka akatwe kimeo. — Mama wa Morogoro*

Bibi ashikiwe mkono taratibu, lakini kimeo kisikatwe. Watoto wamevuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa wembe huo, na wengine wamefariki. Kwa umri huo kinachoziba mara nyingi ni findo zilizovimba au nyama za puani. Usitegemee umwone akisinzia kama mtu mzima. Mtoto asiyelala vizuri huwa mtundu kupita kiasi, na darasani hatulii. Daktari akithibitisha, huziondoa kwa upasuaji, na wengi hupata nafuu kubwa.

*Mimi ni mwembamba na naishi peke yangu, kwa hiyo kama nakoroma hakuna wa kuniambia. Saa nane mchana ofisini sijiwezi. — Msomaji, Dodoma*

Wembamba si kinga. Kidevu kilichorudi nyuma huweza kuziba njia ya hewa vilevile. Lakini anza na rahisi. Unalala saa ngapi kwa usiku, simu ikiwa imezimwa? Kapime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Na kama unameza Piriton kwa ajili ya mafua, mshukiwa wa kwanza ni huyo, maana huleta usingizi.

*Kukabwa na jinamizi ndiyo ugonjwa huohuo? Mimi namshuku jirani. — Tanga*

Siyo. Anayekabwa akili imeamka, mwili bado umelala: anaona, anasikia, kidole hakiinuki, ila pumzi inaendelea na baada ya muda mfupi anaachiwa. Mwenye koo linaloziba hana habari hata kidogo. Jinamizi huwapenda wasiolala vya kutosha na wanaolala chali. Jirani msamehe.