Shangazi, kupelekwa mtaani kila Jumamosi ni masomo au tunatumikishwa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nasoma diploma ya utabibu mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha kati hapa Dar. Muhula huu wametupangia kila Jumamosi twende Vingunguti kufundisha akina mama mambo ya kuharisha na kunawa mikono, hatulipwi na nauli tunajitegemea. Wenzangu wanasema tunatumikishwa tu, bora tupelekwe wodini tukashike wagonjwa. Tyuta anasema hata Marekani vyuo vinafanya hivohivo. Ni kweli? Tugome? (Mwanafunzi, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msigome. Tyuta hajawadanganya, Marekani kuna vyuo vya jamii vya miaka miwili, cha kwanza cha umma kilianza 1901 kule Joliet, Illinois, na manesi wengi wanapitia huko, na umoja wa vyuo hivyo ulianzisha mradi mwaka 1994 wa kuvisaidia kuingiza kazi za jamii ndani ya masomo. Mwanafunzi anaenda kupima wazee presha au kufundisha lishe. Lakini maksi hapewi kwa sababu ameenda, anapewa kwa alichojifunza, na lazima akionyeshe kwa kuandika na kujadili darasani. Sasa nyie mkirudi Jumatatu kuna mtu anawauliza mmeona nini? Kama hakuna, hapo malalamiko yenu yana haki kabisa.

Ila hili la kusema wodi ni bora, hapana, sikubaliani nalo. Chukua ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha. Umekariri kwamba pakiti moja ni lita moja ya maji safi na salama, mtihani utafaulu. Ukifika kwa mama mwenye mtoto anayeharisha usianze kuhubiri, muombe kwanza akuonyeshe anavyochanganya. Utakuta anayemimina pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, mana anajua mtoto hawezi kumaliza lita na anaona atapoteza dawa, kumbe chumvi ikizidi hivyo inaweza kumdhuru mtoto. Na hiyo lita ataipimaje wakati jagi la vipimo hana? Chupa ya maji ya nusu lita anayo, aioshe vizuri, apime mara mbili, ndo lita yenyewe, na itakayobaki baada ya saa 24 amwage atengeneze nyingine. Kisha muulize vidonge vya zinki alimpa siku ngapi, mana wengi wanaacha mtoto akipata nafuu, na inatakiwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekata. Haya yote wodini huyaoni, kule nesi ameshachanganya, wewe unakuta kikombe mezani.

Wazazi wenu wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu, 1967. Shamba la shule lilitakiwa liwe sehemu ya masomo, mtoto alime huku akielewa mbolea na hesabu za mavuno, lakini shule nyingi likabaki jembe peke yake na mwanafunzi akaona ni adhabu, na inauma kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa zuri sana. Sitaki na nyie yawakute hayo.

Kwa hiyo mtume CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, kwa tyuta, kwa heshima, aulize kazi hii iko kwenye moduli gani, masaa yanaingia kwenye logibuku, lile daftari la kurekodi mafunzo yenu ya vitendo, au hayaingii, na lini mtakaa kujadili. Pia muulize nani aliamua somo liwe kunawa mikono. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliulizwa? Inawezekana akina mama wa pale kunawa wanajua fika, shida yao ni maji yenyewe au choo kinachofurika mvua zikinyesha, na mkiwasikiliza hata somo lenu litabadilika. Mkiona mnapewa vipeperushi vya kutafutia chuo wanafunzi wapya, hayo sio masomo, hapo kataeni.

Na nyie msigawe dawa, msimtibu mtu bila msimamizi, mtoto mwenye macho yaliyodidimia au anayeshindwa kunywa apelekwe kituo cha afya hapohapo. Picha za watoto wa watu msiweke statasi.

Nauli ombeni chuo kitoe basi lake, na kama halipo basi mpangiwe mtaa ulio karibu na chuo, Mbagala mpaka Vingunguti kila wiki ni mbali kwa mwanafunzi.