Feni ya kurejesha joto na unyevu wa chumbani: nimeishi nayo misimu mitatu ya baridi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Vioo vya chumba cha kulala vinalowa kila asubuhi, nyuma ya kabati ukuta umeota kuvu nyeusi, rangi ya kuzuia kuvu umepaka na imerudi vilevile, na sasa unataka kujua kama feni ya kurejesha joto, yaani ile inayobadilisha hewa ya chumba bila kupoteza joto lake lote, itamaliza kazi au ni pesa ya kutupa. Nyumbani kwangu ninazo mbili, na huu ni msimu wa tatu wa baridi. Chumba cha kwanza ilinisaidia sana. Chumba cha pili haikufanya lolote, na kosa halikuwa la feni. Nitakieleza chumba hicho cha pili huko chini, usikiruke, maana ndicho kinachoweza kukuokolea hela.

Kabla ya kununua feni nilinunua kipimaunyevu, kile kidogo cha betri kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa. Usiku wa kwanza tulilala hewa ikiwa asilimia 58, tukaamka ikiwa 76. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, watu wawili. Nikakaa nikapiga hesabu. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi, chukulia gramu 40 kwa saa. Wawili kwa saa 8 wanatoa zaidi ya nusu lita. Chumba changu kina mita za ujazo kama 30, na hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kwa maneno mengine, usiku mmoja tulikuwa tunatoa maji mengi kuliko yale ambayo hewa yote ya chumba ingeweza kubeba hata kama tungeanza na hewa kavu kabisa! Yale yasiyopata pa kutokea yanakwenda kwenye kioo, kwenye kona, na nyuma ya kabati.

Kwa nini nyuma ya kabati? Kwa sababu joto la chumba halifiki pale. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 inaanza kuacha maji ikigusa kitu cha nyuzi 14 hivi, na ukuta wa nje uliozibwa na kabati hufika huko bila shida. Tena kuvu haingoji mpaka uone matone. Hewa inayogusana na ukuta ikikaa kwenye asilimia 80 siku kadhaa mfululizo, inatosha kabisa kuota. Ndiyo maana rangi yako imeshindwa, mkuu. Ulitibu ngozi ya ukuta, hewa ukaiacha kama ilivyokuwa.

Sasa kuna jambo ambalo mke wangu hakuliamini mpaka alipoona kipimo: hewa ya nje wakati wa baridi ni kavu, hata mvua ikiwa inanyesha. Hewa ya nyuzi 5 iliyoshiba mvuke haifikishi gramu 7 kwa mita ya ujazo. Iingize ndani, ipashe mpaka nyuzi 20, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 40. Kwa hiyo dawa ya unyevu wa pumzi ni kubadilisha hewa, basi. Miezi miwili ya mwanzo nilifanya hivyo kwa kufungua dirisha na vipimo vilishuka. Lakini hita ilikuwa haipumziki, na saa kumi usiku mmoja wetu alikuwa anaamka kulifunga.

Hapo ndipo feni hii inapopata kazi. Niliyo nayo ni ya kauri. Ni bomba linalopita ukutani, ndani yake kuna tofali la kauri lenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Inatoa hewa nje kwa sekunde 70 hivi, kauri inashika joto la hewa ile, kisha feni inageuka na kuvuta hewa ya nje, ambayo inapashwa na kauri ikiwa njiani kuingia. Kuna aina nyingine yenye feni mbili na bamba nyembamba ndani, hewa inaingia na kutoka kwa wakati mmoja bila kuchanganyika.

Faida yake kwa hesabu: ukibadilisha mita za ujazo 30 kwa saa, na tofauti ya ndani na nje ni nyuzi 15, unapoteza joto la wati 150 hivi. Feni ikirejesha robo tatu yake, unabaki kupoteza wati 40 tu. Yenyewe kwa mwendo wa chini inakula wati chache mno. Ila ile asilimia 90 iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee, kwa kawaida ni ya mwendo wa chini kabisa. Mimi nilipima siku ambayo nje ilikuwa nyuzi 4 na ndani 19. Hewa iliyoingia ilianza na nyuzi 17, ikashuka mpaka 12 kabla feni haijageuka. Wastani wake ni kama asilimia 70. Sijalalamika, lakini hewa ya nyuzi 12 si ya kukupiga kichwani, kwa hiyo sikuiweka juu ya mto wa kulalia.

Kwenye ufungaji ndiko nilikoumia. Fundi alitoboa ukuta vizuri, bomba akalilaza sawasawa, tena likiinamia ndani kidogo. Wiki ya tatu nikaona mchirizi wa maji chini ya kifuniko. Hewa yenye joto ikipoa ndani ya bomba huacha maji, na maji hufuata mteremko. Bomba lazima liinamie nje. Tulilichomoa, tukalirudisha kwa mteremko, na safari hii nikasimama pale na pima maji mkononi. Uwazi unaolizunguka bomba nao ujazwe povu la kuhami joto, la sivyo unajitengenezea duara la ubaridi ukutani na kuvu litakuja kukaa hapohapo.

Mahali: juu, mbali na pazia, ikiwezekana upande unaotazamana na mlango, na chini ya mlango pabaki upenyo wa sentimita moja ili hewa ipite. Ukuta unaopigwa na upepo mkali uepuke ukiweza. Feni hizi zina nguvu ndogo na upepo unazishinda. Usiku wa upepo yangu hupuliza ubaridi ndani hata wakati ambao ingepaswa kutoa. Na kama nyumbani una jiko la kuni au hita ya gesi yenye dohani, mwite mtaalamu aangalie kwanza, kwa sababu feni inayotoa hewa ya chumba nje inaweza kurudisha moshi ndani. Hilo si la kubahatisha.

Kelele ipo. Si kubwa, ila ile sauti ya kugeuka kila baada ya dakika na ushee ilinikera wiki nzima. Nikawa naizima tukienda kulala, asubuhi naiwasha. Kipimo kikarudi 74. Ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu maji yanatolewa usiku na mimi nilikuwa nazima usiku. Hii si kama feni ya bafuni unayoiwasha ukioga. Inatakiwa kuzunguka polepole saa zote.

Kwa bafuni, kwa kweli, mimi nisingeweka ya kauri. Mvuke mwingi ukituama kwenye kauri wakati wa kutoka, sehemu yake inachukuliwa tena na hewa inayoingia na unarudi ulikotoka. Chumbani si neno, mvuke ni wa pole pole. Bafuni unataka utoke mara moja usirudi. Kule feni ya kawaida ya kutolea hewa, yenye kihisi cha unyevu, inafanya kazi vizuri zaidi.

Matokeo ya chumba cha kwanza: asubuhi za baridi sasa nasoma kati ya 55 na 60. Kioo kinalowa ukingo wa chini tu, na ni zile siku za baridi kali. Kuvu haikuondolewa na feni. Niliiondoa mwenyewe, glavu na barakoa, nikilowesha ukuta kwanza ili vumbi lake lisiruke, kisha nikangoja ukuta ukauke ndipo nikapaka rangi. Kabati nililisogeza sentimita 10 kutoka ukutani siku hiyohiyo, na kuvu haijarudi tangu hapo. Kabati nalo lina mchango wake, sifa zote nisiipe feni. Wewe lisogeze leo, ni bure.

Haya, chumba cha pili. Kilikuwa na doa kwenye kona ya chini, nami kwa furaha ya chumba cha kwanza nikaweka feni nyingine bila kufikiri. Miezi mitatu, hewa inasoma asilimia 50, doa linakua. Hewa kavu, ukuta umelowa: hapo ilitakiwa nishtuke mapema. Nilibandika karatasi ya nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, nikaiacha siku mbili. Maji yakaonekana upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta. Yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta. Nikatoka nje na kukuta kiungo cha mfereji wa paa kinavuja, maji yanapiga ukuta, na udongo wa bustani umerundikwa mpaka juu ya msingi. Nilitengeneza mfereji, nikaondoa udongo, na ukuta ulichukua miezi mingi kukauka. Feni ile ningeweza kuining'iniza popote.

Kwa hiyo tazama doa lako vizuri. Vitone vyeusi kwenye kona za juu, pembeni mwa dirisha na nyuma ya fanicha, vinavyozidi wakati wa baridi, kwa kawaida ni mvuke wa humo ndani. Doa la kahawia lenye ukingo, rangi inayobanduka karibu na sakafu, unga mweupe wa chumvi juu ya lipu, au hali inayozidi kila baada ya mvua, hayo ni maji yanayoingia kutoka nje au kupanda kutoka chini. Feni haiyagusi.

Jambo jingine ni msimu wa joto. Mwaka wa kwanza nilichanganyikiwa kuona asilimia 70 huku feni ikienda mwendo wa mwisho. Nje ilikuwa nyuzi 22 na mvua. Hewa kama hiyo ina mvuke mwingi kuliko niliotaka kuutoa, nami nilikuwa nauvuta ndani kwa bidii. Siku hizo naipunguza au naizima. Anayeishi mahali ambapo nje ni joto na unyevu mwaka mzima asinunue kabisa kwa ajili ya kukausha chumba, atafute mashine ya kufyonza unyevu. Chumba cha chini ya ardhi wakati wa joto ni hivyohivyo.

Matunzo ni madogo lakini yapo. Chujio linaoshwa kila miezi miwili au mitatu. Niliwahi kulisahau miezi 8, hewa ikawa inapita kwa kunyong'onyea na vioo vikaanza tena kulowa, nikadhani feni imekufa. Kauri unaisuuza kwa maji na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Kwa maelezo yako, kwangu mimi hiyo ni kesi ya mvuke wa ndani na feni ina nafasi nzuri. Pima kwanza wiki moja, jioni na asubuhi, ulete namba hapa pamoja na joto la nje. Na kuna kitu hukukitaja: nguo mnaanika wapi? Mzigo mmoja uliotoka kwenye mashine unaweza kuachia lita mbili za maji hewani, na kama mnaanika humo chumbani, anza na hilo.