Mama aokote korosho baada ya upasuaji?

SWALI: Daktari, mama yangu amerejea Newala wiki 3 baada ya kupandikizwa mgongoni kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu sugu. Msimu wa korosho umefika. Je, anaweza kuokota?

JIBU: Asiokote kwa sasa. Nyaya zilizowekwa karibu na uti wa mgongo hushikwa na kovu taratibu, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8, na kabla ya hapo kuinama, kujipinda au kubeba ndoo ya maji kunaweza kuzisogeza, nafuu ikapotea. Kutembea polepole kunafaa, tena kunahitajika. Kidonda kikitoa usaha, akipata homa au miguu ikilegea, mpelekeni hospitali mara moja. Hilo la miguu, hasa, halingoji asubuhi.