PS5 Isiyo na Mdomo: Nilivyochagua Toleo Vibaya, na Pedi Niliyoielewa kwa Kuchelewa

"Braza, hii pedi mbovu. R2 inagoma."

Ilikuwa 2021, wiki ya kwanza tangu niingize PS5, mashine ya gemu ya Sony (PlayStation 5), kwenye banda langu la gemu Mbagala, Dar es Salaam. Nilikuwa na TV nne: tatu zikiendesha PS4, na ya nne, ile ya kona ambayo kila mtu alikuwa anaigombania, ndiyo ya mashine mpya. Nikaichukua pedi mkononi mwa yule kijana mteja, nikaibonyeza R2, kile kitufe cha mbele kulia kinachovutwa kwa kidole cha shahada. Laini kabisa. Nikamrudishia. Dakika tano baadaye ananiita tena, safari hii na mashahidi watatu. Nikaikamata gemu ikiwa inaendelea, na kweli, R2 ilikuwa ngumu kama breki ya baiskeli iliyoshika kutu.

Ilinichukua karibu jioni nzima kuelewa. Ilikuwa FIFA 21, gemu ya mpira, dakika ya themanini na kitu, na winga wake alikuwa amekimbizwa tangu mechi ianze. Mchezaji akichoka, pedi inakaza kitufe cha kukimbilia ili kidole chako nacho kisikie uchovu. Ndani ya R2 na mwenzake wa kushoto L2, vile tunavyoviita vifyatulio, kuna mota ndogo yenye gia inayoweza kusukumana na kidole, na gemu ndiyo inayoiambia ikaze lini. Hakikuwa kitu kibovu. Sisi ndio tulikuwa hatujakizoea.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi huniuliza, "Kaka, ninunue PS5 ipi?" na tayari wana majibu waliyoyaokota kwa watu ambao hata kuigusa hawajaigusa. Mashine yoyote mpya ikitangazwa, siku ya kwanza watu huhukumu picha. Pedi ya PS5 ilipooneshwa tarehe 7 Aprili 2020, mjadala ulikuwa rangi: kwa nini nyeupe na nyeusi, itachafuka, inafanana na ya mpinzani, Xbox ya Microsoft. Mashine yenyewe ilipooneshwa Juni mwaka huo, mzaha ukawa kwamba ni kile kidude cha intaneti cha ofisini kilichokua bila kudhibitiwa. Leo husikii mtu akilalamikia rangi. Kuchafuka inachafuka kweli, lakini kitambaa chenye unyevu kidogo kinamaliza kazi.

Lawama za mkononi ndizo huwa hazifi. Mwaka 2005 Sony walionesha pedi ya majaribio ya PS3 iliyopinda kama ndizi, watu wakacheka mpaka ikaachwa. Ile iliyotoka na mashine 2006 ilirudi kwenye umbo la zamani, ila haikuwa na mtetemo, na hapo ndipo watu walikasirika kwa haki; mtetemo ulirudi na pedi ya DualShock 3 mwaka uliofuata. Xbox ya kwanza nayo, 2001, ilikuja na pedi kubwa hadi ikapewa jina la utani, "Duke", na baadaye ikabidi ndogo ichukue nafasi yake. Kwa hiyo ukisoma maoni ya watu kuhusu pedi, tafuta yule aliyecheza nayo saa tatu mfululizo. Huyo mwingine anakusimulia picha.

Maoni yangu mimi, baada ya miaka ya kuzishika, kuzifuta na kuzipeleka kwa fundi: pedi ya PS5 ni nzuri kuliko ya PS4, hasa kwa mkono mkubwa. Ina uzito wa kama gramu 280, wakati ya PS4 ni kama 210, na tofauti hiyo unaisikia. Wadogo zangu wa darasa la nne walilalamika kwamba inawachosha. Wachezaji wa dau, wale wanaowekeana hela za soda, walitaka mbwembwe zote zizimwe, na wana hoja: huwezi kukubali kidole kikazwe dakika ya themanini na tano ukiwa unadaiwa. Zinazimika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vya ziada, utakuta nguvu ya mtetemo na nguvu ya vifyatulio, kila kimoja peke yake. Ukizima, chaji nayo inadumu zaidi. Nyumbani kwangu mimi huziacha. Bandani nimezima.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Binamu yangu anaishi Muscat. Alipokuwa anajiandaa kuja likizo alinipigia: "Ziko za aina mbili, nikubebee ipi?" Nikamuuliza tofauti. "Moja ina sehemu ya CD, nyingine haina, na hii isiyo nayo bei iko chini." Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayehesabu hela za mwenzake: lete ya bei ya chini, si zote PS5?

Na kweli zote ni PS5. Hapo ndipo penye mtego. Zilipotoka Novemba 2020, yenye CD ilikuwa dola 499 na ya kidijitali dola 399. Prosesa ileile, hifadhi ileile ya GB 825, picha zilezile kwenye TV. Kwa Xbox mambo yalikuwa tofauti: Series S ya dola 299 ilikuwa mashine dhaifu kuliko Series X ya dola 499, ikiwa na GB 512 na haina CD. Kwa hiyo neno "ya bei nafuu" lilikuwa na maana mbili msimu ule. Kwa Xbox ulipunguziwa nguvu ya mashine. Kwa PS5 hukupunguziwa nguvu hata kidogo. Ulichouza kwa dola 100 ni haki ya kununua gemu kwa mtu mwingine.

Wateja wangu waliibatiza siku ileile: PS isiyo na mdomo. Nilikuwa na rundo la CD za PS4, ambazo PS5 yenye mdomo ingezisoma bila shida. Kwangu zikabaki mapambo. Kijana akija na CD yake mpya kutoka Kariakoo anataka kuijaribu kwenye mashine ya kona, namwonesha PS4. Na kila gemu ikabidi nipakue. Katika zile GB 825, zinazobaki kwa ajili ya gemu ni kama 667, na gemu moja kubwa inaweza kula GB 100. Jaribu kufanya hivyo kwa bando la simu uone. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naibeba PS kwenye begi la shule la mwanangu, napanda daladala mpaka Tabata kwa shemeji yangu mwenye intaneti ya waya, naiacha ilale huko. Shemeji alifika mahali akaniuliza kwa upole kama ile mashine ilikuwa imehamia kwake.

Kuna la akaunti pia. Unapofungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Watu wetu huchagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hununua kadi za kujaza salio. Kadi lazima iwe ya nchi ileile uliyoandikia akaunti. Mimi akaunti yangu ni ya Uingereza, nikaenda kununua kadi ya Marekani kwa sababu ilikuwa na punguzo. Haikuingia, na kadi ikishakwanguliwa nani atakurudishia? Ile ilikuwa shilingi zangu na kosa langu. Ukiwa na mashine yenye mdomo, mambo haya yapo, lakini hayakushiki koo: unanunua CD, unacheza, ukichoka unaibadilisha kwa nyingine na kuongeza kidogo. Gemu ya kidijitali hubaki kwenye akaunti yako. Huwezi kumwazima jirani wala kuiuza Januari ada za shule zikikubana.

Je, ya kidijitali ni ya kukimbiwa na kila mtu? Hapana. Una intaneti ya waya nyumbani, unacheza gemu mbili tatu kwa mwaka, hupendi makorokoro ya makasha? Chukua, utaifurahia. Lakini kama maisha yako ya gemu ni CD za kuazimana mtaani, lipia mdomo.

Toleo jembamba la Novemba 2023 lililegeza kidogo kamba hii. Lina TB 1 (kama GB 1,000), na sehemu yake ya CD ni kipande kinachopachikwa, kwa hiyo hata ukinunua isiyo nayo unaweza kukiongeza baadaye. Kilianza kuuzwa dola 79.99. Kumbuka mambo mawili. Kipande hicho kinahitaji intaneti mara ya kwanza ili kisajiliwe kwenye mashine. Na ile nene ya kidijitali, kama niliyoletewa mimi, haikipokei kabisa; ilizaliwa bila mdomo na itazeeka hivyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia mtumba akasema "CD utaongeza tu baadaye", geuza mashine usome namba ya modeli. Zile nene huanza na CFI-1, nyembamba CFI-2. Kwenye zile nene, herufi ya mwisho A ni yenye CD, B ni isiyo nayo.

PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, sina mengi ya kuisemea. Ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, haina sehemu ya CD, hata kisimamio unanunua pembeni, na watu walipiga kelele. Kwa TV za kawaida tulizonazo wengi wetu na mpira tunaoucheza, ni kununua lori la kubebea mkate.

Zamani ningekuambia usubiri bei ishuke. Enzi za PS2 aliyesubiri ndiye aliyecheka. Safari hii hesabu imegoma: Agosti 2025 bei ya Marekani ilipandishwa dola 50 kwa matoleo yote, na mzigo mwingi unaotufikia huku unafuata upepo wa huko. Subiri wiki chache watu wazishike mashine na pedi, hilo naliunga mkono. Kusubiri mwaka mzima ukitegemea punguzo, sasa hivi sikushauri.

Nirudi kwenye pedi, maana ndiyo itakayokula hela zako baada ya mashine. Ugonjwa wake mkuu ni analogi (vile vijiti viwili vya vidole gumba) kujiendea: umeachia kijiti, mchezaji bado anatembea kuelekea kushoto kama ameitwa na mama yake. Ndani ya analogi nyingi za pedi za kawaida kuna ulimi mdogo wa chuma unaosugua utepe wa kaboni kila unaposogeza kijiti. Utepe ukilika au vumbi likiingia, namba zinazotumwa zinakuwa za uongo. Bandani, ambako pedi inashikwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku, siwezi kuilaumu; imetumikishwa kama punda wa maji. Zipo analogi za sumaku ambazo hazisuguani, na baadhi ya mafundi wanazifunga. Pedi ya DualSense Edge, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 199.99, inakuruhusu kuchomoa analogi nzima na kuweka nyingine bila kuchomelea. Kwa bei hiyo mimi nanunua pedi mbili za kawaida na chenji inabaki.

Kilichonisaidia ni vitu vya kishamba tu. Pedi zinapokezana, mbili zikicheza mbili zinapumzika. Chipsi ni marufuku mezani, maana mafuta yanabeba vumbi mpaka shingoni mwa kijiti. Na aliyefungwa dakika ya mwisho haruhusiwi kushika pedi mpaka atulie.

Ukinunua pedi ya mtumba, iwashe, fungua gemu yoyote yenye kamera, ondoa vidole kabisa uhesabu mpaka thelathini. Kamera ikisogea, irudishe. Kisha zungusha vijiti polepole ukingoni, na uvibonyeze chini. Kuna feki nyingi pia: itazame kwa karibu sehemu ya nyuma ya mikono. Vipele vya pedi halisi si vidoto, ni vile vialama vya PlayStation, pembetatu, duara, msalaba na mraba, vidogo mno. Yeyote anayekuambia pedi ya PS4 itafaa, mwambie inafaa kwa gemu za PS4 tu. Gemu za PS5 zinaikataa. Waya wa kuchaji ni wa Taipu C kama wa simu, ila ipo mingine inayopitisha chaji peke yake na haiunganishi pedi na mashine, nami nilishawahi kumpelekea fundi pedi nzima kwa sababu ya waya wa namna hiyo.

Ile PS isiyo na mdomo nilimuuzia mwalimu mmoja mwenye intaneti ya waya nyumbani. Yeye anaisifia mpaka leo. Mimi nilinunua nene yenye CD, ya mtumba, na CD za zamani zikafufuka. Ukutani juu ya TV ya kona nimebandika karatasi, kwa ajili ya wale wa TV yenye vifyatulio nilivyosahau kuvizima: "R2 ikikaza, pedi ni nzima. Winga wako amechoka, fanya sabu."