Kifuniko kinafunguliwa mapema mno

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, sufuria ya presha inaharibu ladha ya chakula cha kila siku? Swali limenichoma, maana nimechoka kuona sufuria ikibebeshwa lawama za mpishi. Ninachojua mimi ni kwamba chakula kingi huharibikia kwenye kufungua kifuniko.

Nakumbuka shangazi alipotutembelea. Wifi yangu alipika nyama ya mifupa, na muda ulipotimia akaipeleka sufuria bombani, akamwagia kifuniko maji ya baridi ili presha ishuke upesi. Tukala. Nyama ilikatika kwa kijiko, lakini mdomoni ilikuwa kavu, nyuzi tupu. Shangazi hakusema neno. Kesho yake akaomba apike yeye: nyama ya aina ile ile, sufuria ile ile, dakika zile zile. Alipozima moto wifi akanyoosha mkono. "Iache, mwanangu, bado inapika." Akavuta kiti, akakaa mbele ya jiko, nasi tukakaa naye. Sufuria ikanong'ona kidogo, ikanyamaza, lakini kipini cha kifuniko, kile kijiti kidogo kinachoinuka presha ikiwa bado imo ndani, kilikuwa bado kimesimama. Wifi akakitazama, akamtazama shangazi, akakitazama tena. Hatimaye kikadondoka chenyewe, tik. Ndipo shangazi akafungua, akiinua kwanza ule ukingo wa mbali ili mvuke utokee upande wa pili. Mchuzi ulikuwa umetulia, mafuta yameelea juu, na nyama ilikuwa na maji yake ndani.

Sababu inaeleweka. Presha ikiwa kamili, maji humo hufika nyuzi joto 120 hivi badala ya 100. Ukiishusha ghafla, maji yanajikuta na joto kubwa kuliko la kuchemkia, yanachemka yote kwa mpigo, na nyama inakamuka. Maharage nayo hupasuka maganda. Tena maharage yasijazwe kupita nusu ya sufuria, kwa sababu yanaumuka na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Nyanya na ndimu zisubiri yaive kwanza. Uchachu huyachelewesha kulainika.

Ila ninapoandika haya nakumbuka kwamba shangazi hakuishia kwenye kungoja. Kabla ya kufunga alikuwa ameikaanga nyama mpaka ikawa ya kahawia, jambo ambalo haliwezekani ndani ya mvuke. Na baada ya kufungua alirudisha sufuria motoni bila kifuniko, mchuzi ukapungua na kuwa mzito, kwa kuwa ikiwa imefungwa maji hayapungui kiasi cha kuonekana. Majani ya kunukia aliyatia mwishoni kabisa. Nikiwa mkweli, ladha yote tuliyoisifu ilipatikana kifuniko kikiwa wazi.

Basi mkinibana nijibu swali kama lilivyoulizwa, nitasema walalamikaji wana haki yao. Chakula kinachotoka kwenye presha moja kwa moja hadi sahanini mara nyingi huwa kimepooza, hata ukingoja kipini kishuke. Sufuria hii kazi yake ni kulainisha, na kwa maharage makavu, mifupa na nyama ngumu sitaiacha, kwa vile inaokoa saa nzima na moto mwingi. Mboga za majani siziingizi humo. Samaki pia, labda awe wa kuliwa na miiba yake.