Puto Likimeza Picha

Mwezi huu barua nyingi zimehusu vibonzo vya watu wazima, yaani hadithi za ndoa, siasa, uhalifu na mapenzi zinazochorwa kwa msomaji aliyetimiza miaka 18. Karibu zote zina ugomvi uleule kati ya anayeandika na anayechora: maputo, yaani maduara ya maneno ya wahusika, na visanduku vya msimulizi vichukue nafasi gani ya picha.

Nimeandika hadithi ya mpelelezi wa bandarini, na rafiki yangu ndiye mchoraji. Analalamika kwamba maneno yangu yanafunika michoro yake. Mimi naona tukiyapunguza msomaji hataelewa. Nani ana haki? (Msomaji, Tanga)

Kwa ukurasa huo mliotutumia, mchoraji ana haki. Tazama fremu ya tatu, yaani picha ya tatu ya ukurasa. Kisanduku cha juu kinasema: "Usiku ule Musa aliingia ghalani polepole huku akiwa ameshika tochi mkono wa kushoto, moyo wake ukimdunda kwa hofu." Ni maneno 18. Mchoro tayari umeonyesha usiku, ghala, tochi na mkono wa kushoto. Hofu nayo ipo: mchoraji ameipaka jasho kwenye paji la uso, na mabega ameyapandisha hadi masikioni. Kitu ambacho picha haiwezi kukisema ni ufunguo alioingilia Musa ni wa nani, kwa kuwa ufunguo wa shemeji na ufunguo wa dukani huchorwa vilevile. Basi kisanduku kibaki na maneno manne: "Ufunguo ulikuwa wa shemeji." Hapo msomaji anapata habari mpya, na tochi inapata nafasi ya kumulika.

Chukueni kalamu mbili. Kwa nyekundu pigieni mstari kila neno linalorudia kilichochorwa, na kwa bluu kila neno ambalo likiondoka habari inapotea. Nyekundu yote futeni. Msishangae nusu ya maelezo ikiondoka. Mazungumzo hupungua kidogo tu.

Kuna maneno ambayo hayarudii picha wala hayaiongezi habari, yanapingana nayo. Mwanamke anasema "Sina njaa," na mchoro unaonyesha vidole vyake vikikwangua ukoko sufuriani. Hayo msiyaguse kamwe. Msomaji mtu mzima hupenda kumkamata mhusika akidanganya, na ukimweleza kwenye kisanduku kwamba "kwa kweli alikuwa na njaa kali", umemnyang'anya kazi yake.

Kosa hili si la wanaoanza tu. Kampuni ya EC ya New York, iliyotoa vibonzo vya kutisha na vya uhalifu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na wachoraji hodari sana. Lakini mhariri Al Feldstein alikuwa akiandika maneno moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea, yanapigwa herufi za mashine, ndipo mchoraji anapewa nafasi iliyobaki. Kurasa nyingi zilijaa maelezo ya kitu kilekile kinachoonekana chini yake. Michoro iliokoa hadithi, lakini ilibidi ipumulie puani.

Ukurasa mmoja uwe na fremu ngapi na maneno mangapi? (Msomaji, Nairobi)

Wamarekani wana kipimo cha zamani kinachohusishwa na Mort Weisinger, aliyekuwa mhariri wa DC Comics: maneno 210 kwa ukurasa wa fremu 6, yaani 35 kwa fremu, na puto moja lisizidi maneno 25. Wengi wetu hukinakili kama kilivyo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Neno letu moja hubeba sentensi nzima: "sitamwambia" ni neno moja tu, lakini lina herufi 11. Kwa hiyo hesabu herufi. Puto la Kiswahili liishie kwenye herufi 120 hivi pamoja na nafasi, ambayo ni kama maneno 18 hadi 20, na mstari mmoja ndani yake uwe na herufi 14 hadi 18.

Neno kama "wasingelimwonyesha" lina herufi 18, linajaza mstari peke yake na kulifanya puto livimbe upande. Likatwe panapotamkika: wasingeli-mwonyesha. Usikate "wasin-gelimwonyesha", maana ng, mb, nd, ny na ch hazitenganishwi. Bahati nzuri silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo mahali pa kukata hapakosekani.

Angalia pia ritifaa, ile alama ya juu ('). Vibonzo vingi huandikwa kwa herufi kubwa, na alama ndogo kama hiyo hupotea wakati wa kupunguza ukubwa au kupiga chapa. "NG'OA" ya daktari wa meno ikipoteza ritifaa inabaki "NGOA", yaani tamaa au wivu, na kwenye hadithi ya mapenzi wenye Kiswahili chao watacheka vibaya.

Kuhusu fremu: mazungumzo hukaa vizuri kwenye fremu 5 au 6, ugomvi au mbio, 3 au 4. Habari ya msiba ikifika, fremu moja kubwa isiyo na neno inatosha. Zikizidi 8 kwenye A4, nyuso zinakuwa ndogo kuliko maputo yake.

Tuanze na nini, maandishi au michoro? (Wawili wa Mwanza)

Anzeni na vyote viwili, vikiwa vidogo. Muswada uandikwe karatasi moja kwa ukurasa mmoja wa kitabu, fremu zikiwa na namba, na kila fremu iwe na tendo moja tu. "Anaamka, anavaa viatu, anafungua mlango" ni fremu tatu; ukimpa mchoraji kama moja atachagua tendo analolipenda, na mawili yaliyobaki utalazimika kuyasimulia kwa maneno. Hapo ndipo maputo yanapoanza kunenepa.

Kisha chora rasimu ya kila ukurasa kwenye kisanduku cha sentimita 6 kwa 8.5, umbo lilelile la A4. Watu wawe vijiti, lakini maputo yachorwe kamili na maneno yake yaandikwe pembeni. Kwenye rasimu hii ndipo mgombane, maana kufuta ni sekunde mbili. Hakikisheni anayesema kwanza amesimama kushoto. Akiwa kulia, mikia ya maputo itapishana kama nyaya za umeme, na msomaji atasoma jibu kabla ya swali.

Ukurasa halisi uchorwe kwenye A3, kisha upunguzwe hadi asilimia 71 kupata A4. Theluthi ya juu ya kila fremu yenye mazungumzo iachwe bila kitu cha maana: anga, ukuta, mabati. Maneno yaandikwe kwa penseli kabla ya wino. Wengi hufanya kinyume, wanamaliza wino kisha wanatafuta pa kubandika puto, na pa pekee palipobaki panakuwa usoni mwa mhusika. Herufi ziwe na kimo cha milimita 2.8 kwenye A3 ili zibaki 2 baada ya kupunguzwa. Kalamu ya milimita 0.1 iepukwe; itashuka hadi 0.07, na mashine nyingi za chapa huukata mstari huo vipande vipande.

Ipo njia nyingine, ile ya kampuni ya Marvel ya Marekani ya miaka ya 1960: mwandishi na mhariri wake, Stan Lee, alikuwa akitoa muhtasari mfupi, mchoraji anapanga na kuchora kurasa zote, halafu maneno yanajazwa mwishoni. Hupa picha nguvu sana. Ubaya wake ni kwamba mwandishi akikuta fremu hakuipenda, huifunika kwa maneno. Tungewashauri mwitumie baada ya kumaliza hadithi mbili tatu pamoja.

Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Siri ikifichuliwa, ikae ukurasa wa kushoto, unaoonekana baada tu ya kufunua. Ikiwa kulia, jicho litaiona mapema.

Kwenye hadithi za mapenzi, tuonyeshe hadi wapi? Wasomaji wanaomba zaidi, mwandishi mwenzangu anakataa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Jaribio letu ni moja. Toa kurasa za chumbani, soma zilizobaki. Kama hakuna kilichobadilika kati ya wale wawili, kurasa hizo zilikuwa mapambo. Mara nyingi fremu tatu hutosha: mkono unaosita kwenye kitasa, kanga iliyoanguka sakafuni, na asubuhi ambapo mmoja anakunywa chai na mwenzake ameangalia dirishani. Ile ya tatu ndiyo hadithi. Na humo maneno yawe machache kuliko popote, kwa sababu watu wanaoeleza wanachofanya huku wanakifanya huchekesha.

Wahusika waonekane watu wazima usoni na umboni, si kwa maandishi tu. Na kwa mnaotuma mitandaoni kutoka Tanzania, kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta. Kuandika 18+ kwenye jalada hakuondoi katazo hilo.

Kurasa zangu za A4 hazisomeki kwenye simu. (Msomaji, Mombasa)

Usizipunguze, zipange upya. Kata fremu moja moja na uzishushe kwenye ukanda wa upana wa pikseli 800. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 6.5 hivi, kwa hiyo milimita moja ni pikseli 12. Herufi kubwa yenye kimo cha milimita 2 inahitaji pikseli 25, na kwa fonti nyingi hiyo ni saizi 35. Puto lisizidi herufi 80. Mahali palipokuwa na ukurasa wa kufunua, acha nafasi tupu ya pikseli 600 hadi 800 kabla ya siri. Msomaji ataifikia kwa kidole.